Mshono wa Mgongoni

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote za Juni katika mji mdogo wa Montarzo. Madirisha ya chumba cha juu cha kinu cha zamani cha zeituni yalikuwa wazi, kahawa ilikuwa imechemshwa mara ya pili, na wanawake wa mtaa wa Porta Vecchia walikuwa wameizunguka meza ndefu, kila mmoja na gauni lake mapajani, wakishona na kusengenya. Kila Agosti mji mzima huvaa kama walivyovaa watu wa miaka mia tano iliyopita na kupita barabarani kwa ngoma na bendera. Hakuna mtaa unaotaka kuchekwa kwa upindo uliopigwa na cherehani. Huko kila kitu hushonwa kwa mkono, kuanzia bitana hadi kifungo cha mwisho.

Kiongozi wao alikuwa Ornella Bartocci, mjane mwenye vidole virefu na ulimi mfupi. Sifa zake zilivuka mipaka ya mji. Kila gauni alilolimaliza alilipiga picha, akachora vipande vyake vya kukatia kimoja kimoja, kisha akaviweka kwenye mtandao ili wanawake wa nchi nyingine wanaopenda magauni ya kale nao washone. Hakuuza. Aligawa. Asubuhi kabla ya kunawa uso alisoma kwanza waliyomwandikia usiku.

Mwaka ule alikuwa na jambo ambalo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nalo. Mafundi waliokuwa wakitengeneza sakafu ya kanisa walivunja jiwe na kukuta kaburi la Bice Orsenghi, mke wa bwana mmoja wa zamani, akiwa bado amevaa gauni la hariri ya kijani. Mifupa ilirudishwa ardhini kwa sala. Gauni lilisafishwa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo katika makumbusho ya mji. Kusema lilisafishwa ni adabu tu. Kuanzia makwapani hadi nyongani lilikuwa la rangi ya kahawia, gumu kama ngozi iliyokauka juani, kwa sababu mwanamke mzima alikuwa ameyeyukia ndani yake.

Nazzareno, mzee wa makumbusho, alimruhusu Ornella alipime. Alilaza gauni kifudifudi, akalichora lote. Na mgongoni akaona kitu kilichomfurahisha kuliko vyote. Hariri ilikuwa imepasuliwa kwa makasi kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha ikafungwa tena kwa uzi mnene wa kitani, mishono mikubwa iliyokwenda upande, kama mtu anavyoshona gunia. Bice alikuwa ameshakakamaa walipomvisha.

Ornella akashona nakala ya gauni lile, na akaazimia kuunakili na mshono huo.

"Weee, Ornella!" Ivana, shoga yake wa siku zote, aliliinua gauni jipya na kuchungulia mgongo wake. "Mbona huku umeacha wazi?"

"Nitapafunga likiwa mwilini mwa Ludovica. Kwa uzi wa kitani, kama walivyofanya wao."

"Wao walimfunga maiti."

"Walimfunga mwanamke."

"Mwanamke aliyekauka kama ubao! Hebu sikiliza unavyosema. Huu si mshono wa kuvaa, shoga, ni mshono wa kuvishwa. Weka kamba hapo, msichana afunge na kufungua kama watu."

"Na wale wanaosubiri picha niwaambie nini? Kwamba niliogopa uzi?"

Wanawake wakacheka. Ivana hakucheka. Aliliweka gauni mezani, akapangusa viganja kwenye sketi yake.

Ludovica, binti wa kaka yake Ornella, aliingia mbio na kofia ya pikipiki kwapani. Alifanya kazi katika duka la dawa, na zamu yake ilikuwa inakaribia. "Shangazi, fanya haraka basi, wasije wakanifukuza." Akavishwa. Hariri ya kijani ilimkaa kama imekatwa juu yake. Ornella akapita nyuma, akatunga uzi, akaanza kumshonea mgongoni.

"Shangazi, sindano yako ni ya baridi."

"Haijakugusa."

"Basi kidole chako."

Ornella alikuwa amevaa subana ya ngozi kidoleni. Vidole vyake vilikuwa vya moto kwa kazi. Akavuta uzi.

Zikapigwa picha, uzi ukafumuliwa, Ludovica akawahi zamu yake; picha na michoro zikaenda mtandaoni. Sifa zikamiminika kutoka kila upande, na baada ya siku chache wanawake wengi walikuwa wameanza kukata magauni yao, mshono wa mgongoni nao humo humo.

Doa la kwanza alilikuta alipolitoa gauni ili alipige pasi. Lilikuwa chini ya kwapa la kushoto, dogo, la manjano, lenye mng'ao wa mafuta. Akajiambia ni jasho la msichana. Akalifua kwa sabuni ya nyongo ya ng'ombe, ile ya kuondolea madoa, akalianika uani. Lilipokauka doa lilikuwa limetambaa hadi ubavuni, na la kulia nalo lilikuwa limeanza. Akaligusa. Lilikuwa na ute. Akanusa kidole, na mara moja akajuta. Harufu ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahauliwa makaburini, tamu kwanza, halafu nyuma ya utamu kuna nyama. Alinawa kwa siki. Alinawa kwa majivu. Wakati wa chakula aliinua mkate mdomoni, harufu ikawa imeshatangulia. Akaurudisha mkate sahanini.

Alimpigia simu Ludovica. "We mtoto, unajipaka nini?"

"Najipaka nini wapi?"

"Makwapani. Gauni linanuka."

"Shangazi, nimelivaa mara moja! Kama linanuka, linanuka harufu yako."

Akaenda makumbusho. Nazzareno alimpokea mlangoni kwa furaha, karibu amkumbatie. "Dada Ornella, umeletwa na Mungu. Njoo uone muujiza." Akamvuta hadi kwenye kabati la kioo. "Tazama. Labda ni ile dawa waliyolisafishia, inafanya kazi polepole. Tazama makwapani!"

Makwapani mwa gauni la Bice hariri ilikuwa ya kijani. Ilikuwa laini, na iling'aa. Kahawia ilikuwa imejivuta hadi chini ya matiti, kama maji yanavyoondoka ufukweni.

Ornella alijua pale pale. Alisimama, mkoba kifuani, akajua kahawia ile ilikuwa imehamia wapi. Lakini Agosti ilikuwa mlangoni, na mitaa mingine ilikuwa imeshasikia habari za gauni hilo, na kule mtandaoni watu walikuwa wanamwita fundi wa mafundi. Akasema, "Muujiza kweli, Bwana Nazzareno," akaenda nyumbani.

Juma lilelile mwanamke mmoja wa Lyon alimwandikia kwa adabu. Gauni lake limetoka vizuri sana, asante, ila bitana ya tumboni imelowa na haikauki, na mumewe amemwomba alitoe chumbani. Je, bibi Ornella naye ameona hivyo? Ornella alisoma mara mbili. Akajibu: badilisha sabuni.

Siku ya maandamano jua lilichoma tangu asubuhi. Ornella alikuwa ameweka bitana mpya juu ya ile ya zamani na kujaza mikunjo maua ya lavenda. Ivana alipoingia chumbani aliziba pua kwa kiganja.

"Ornella. Msimvishe mtoto kitu hiki."

"Ni lavenda imezidi."

"Hiyo ndiyo lavenda?"

Mirella, mama yake Ludovica, alimtazama Ornella usoni. "Wifi, kuna jambo?"

"Hakuna jambo. Geuka, Ludovica."

Akashona. Safari hii uzi ulipita kwa urahisi mno, kama unapita ndani ya siagi. Alipomaliza, ncha za vidole vyake zilikuwa zinanata.

Ngoma zikalia. Ludovica akatoka mbele ya mtaa wake, shingo juu, lulu za bandia kichwani. Watu walipiga makofi. Kisha, alipowakaribia, makofi yalikatika. Wanawake waliinua leso. Mtoto mmoja alisema kwa sauti, "Mama, kimeoza nini?" akapigwa kibao cha mkono. Nzi mmoja alitua begani pa Ludovica. Halafu wengine. Walijipanga mgongoni, juu ya mshono, wakifuata njia ya uzi.

Ornella alikuwa akitembea pembeni na sindano zake. Ludovica aligeuza macho tu. Shingo haikugeuka.

"Shangazi," alinong'ona. "Kuna mtu humu."

"Wapi?"

"Humu ndani. Amenilalia."

"Tembea, mwanangu. Tumefika."

"Mikono haikunjiki."

Kweli haikukunjika. Ilikuwa imenyooka mbavuni, viganja vimegeukia ndani. Midomo ilikuwa ya rangi ya risasi. Alipiga hatua moja zaidi, akaanguka mbele ya ngazi za kanisa, mzima mzima, kama gogo, bila kujikinga uso.

Mirella alipiga yowe. Ornella alikuwa ameshapiga magoti, makasi mkononi. Akaukata mshono. Uzi haukutaka. Akaukata tena. Hariri ikafunguka.

Baina ya bitana na mgongo wa msichana kulikuwa na kitu. Kilikuwa cheupe, cha kijivu, kama sabuni iliyoachwa ndani ya maji juma zima. Kilikuwa kinene. Kilinata kwenye makasi kwa nyuzi ndefu laini. Ornella alikikwangua kwa viganja, kwa kucha, na kilikuwa cha uvuguvugu, na kilikuwa kingi, na kila alipokikwangua kilijaa tena kutoka mbavuni. Ivana alitapika kwenye ngazi. Ngozi ya Ludovica chini yake ilikuwa imejikunja, imepauka, kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa. Gauni lilipomtoka lote, alivuta pumzi kwa kishindo.

"Niogesheni," alisema.

Ornella alilichoma gauni shambani kwa kaka yake. Liliungua kwa kuchuruzika, kama mafuta ya nguruwe, na mbwa wa jirani walikuja wakakaa mbali wakilamba midomo. Usiku huo huo aliwaandikia wote waliochukua michoro yake. Hakujitetea. Aliwaambia kilichompata mtoto wa kaka yake, akawaambia wafumue mshono wa mgongoni na kulichoma gauni, kisha akaifuta kazi yake yote mtandaoni. Wengi walijibu kwamba walikuwa wameshachoma. Mwanamke wa Lyon hakumjibu kamwe.

Mirella alimaliza miezi bila kusema na wifi yake. Ludovica ndiye aliyewapatanisha. Madaktari hawakumwona na ugonjwa, alirudi kazini, alinenepa kidogo, akaanza tena kuchekesha watu. Siku ya mwaka mpya akamwalika shangazi yake mezani.

Mirella alipika dengu, kama zinavyopikwa kila nyumba mjini humo siku hiyo. Ornella alikula kidogo kidogo, kwa shukrani, bila kuinua macho. Ludovica alikuwa anasimulia kituko cha mteja mmoja dukani, mdomo umejaa, ghafla akanyamaza. Akatafuna mara moja. Akasikika kama amevunja kijiwe.

"Mama, dengu hukuzichambua?"

Akatema kwenye leso.

Lilikuwa gego. Lilikuwa la kahawia, kahawia ile ile ya gauni la Bice, limelika upande mmoja hadi shimo, na mizizi yake mirefu ilikuwa bado na kipande cha fizi.

Mirella alisukuma kiti nyuma. Ornella aliinuka, akamshika msichana taya, akamfungua mdomo kuelekea dirishani na kutazama. Juu, chini, kushoto, kulia. Meno yote yalikuwepo, meupe, mazima.

"Shangazi," Ludovica alisema, mdomo bado wazi mikononi mwake, "kuna jingine linalegea."