Siwema Anachemka, Nuhu Ananyamaza

Haya, kaeni. Anayetaka kujikuna, ajikune sasa.

Siwema na mdogo wake Nuhu ni wajukuu zangu.
Wakikasirika, Siwema anachemka. Nuhu ananyamaza.

Siku hiyo mama yao alikuwa anarudi kutoka hospitali na mtoto mchanga.
"Bibi, tumpikie vitumbua!" alisema Siwema.

Asubuhi tukatwanga mchele. Tukakoroga rojo, tukatia hamira.
Tukalifunika liumuke.

Nuhu akataka kuchungulia. Akavuta bakuli.
Pwaaa! Rojo lote chini. Kuku wakaja mbio.

"Wewe Nuhu! Mama atakula nini?"
Siwema anachemka. Chuku-chuku-chuku!
Nuhu ananyamaza. Kimyaaa.
Akaingia zake uvunguni mwa kitanda.

Nikamwambia Siwema, "Na wewe kaingie huko, utulie kama mwenzio."
Hapo nilikosea mie.

Siwema akajikunja uvunguni. Akafumba macho.
Chuku-chuku-chuku! Kitanda kikatikisika.
"Bibi, huku nachemka zaidi!"
"Basi toka, utanivunjia kitanda!"

Mchele mwingine ulikuwa umelowa kwenye sufuria. Nikaumimina kinuni. Nikampa Siwema mchi.
"Twanga."

Twa! "Nuhu mbaya!"
Twa! "Kuku wabaya!"
Twa! "Na Bibi..."
"Bibi kafanya nini?"
"Bibi mzuri."
Twa!

Twa... twa... twa...
Mchele ukawa unga. Siwema akawa Siwema.

Akainama uvunguni. "Nuhu, njoo utwange! Hasira zote zinaisha!"
"Sitaki kelele," alisema Nuhu.

Siwema akafungua mdomo. Akaufunga.
"Haya. Kaa mpaka uchoke kukaa."

Nuhu akakaa. Fuuu... fuuu... akapumua.
Kisha akatoka mwenyewe.
"Nisamehe, da Siwema."
"Shika bakuli. Mikono miwili!"

Rojo jipya likaumuka. Hakuna aliyechungulia.
Jioni mafuta yakalia chwaaa! Mama akaja, akala vitumbua vitano.
Nilihesabu.

Wakati wa kulala, mtoto mchanga akalia. Ngaa! Ngaa!
"Anachemka kama mimi!" alisema Siwema.
Mara mtoto akanyamaza, akakodoa macho.
"Ananyamaza kama mimi," alisema Nuhu.

"Bibi, huyu kafuata nani, mimi au Nuhu?" akauliza Siwema.
"Ana siku mbili tu! Mwacheni kwanza. Atatuonyesha mwenyewe."

Siwema akalala, anakoroma. Nuhu akalala, kimyaaa.
Na nyinyi je? Laleni mnavyojua. Bora mlale.