Madaftari Manne ya Eliamini

Mwaka ule wa hamsini na tatu, kabla mvua za vuli hazijashika, shule zilifungwa na Dorkasi mke wa Tumainieli akapata nafasi ya kufanya alichokipenda kuliko vyote: kusoma vitabu vya picha. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Suji. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kizungu, vilivyosahauliwa na abiria ndani ya mabehewa. Kaka yake Zebedayo, aliyefanya kazi stesheni ya Same, alivikusanya na kumletea kila alipopanda mlimani. Kiingereza cha Dorkasi kilikuwa cha kuokoteza, lakini picha hazikudai Kiingereza. Mtu anakimbia kisanduku cha kwanza, anajikwaa cha pili, anatumbukia mtoni cha tatu. Basi anacheka peke yake mpaka mumewe, aliyekuwa seremala, anaacha randa kule karakanani na kuja kuuliza kulikoni.

Naye alitunga vyake. Alichukua daftari la shule, akagawa ukurasa visanduku sita kwa rula, akachora kwa kalamu ya nibu, na maneno ya wahusika akayafungia ndani ya viduara juu ya vichwa vyao. Walimu wenzake waligombea hadithi yake ya beberu aliyehudhuria mahubiri ili ale kofia za wazee. Tabia yake mbaya ilikuwa moja, na mama yake alimkanya tangu utotoni bila kufanikiwa. Hakuweza kufungua ukurasa bila kulamba kidole.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, bibi mmoja alipiga hodi. Alikuwa mwembamba, amefunika kinywa kwa upindo wa kanga, na alibeba fimbo yenye kifurushi cha majani makavu ya mgomba kilichoning'inia nchani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Zipora, natoka Mhezi. Wewe ndiye mwalimu unayesoma picha?" Maneno yalimtoka mazito, kama mtu mwenye jipu mdomoni.

"Ndiye mimi."

"Kaka yangu Eliamini alikuwa anachora. Amefariki. Ameacha madaftari manne, na alitaka yapate msomaji."

Hakumpa mkononi. Alikiweka kifurushi kizingitini, akakisukuma ndani kwa fimbo. Dorkasi akamkaribisha uji. Bibi akatikisa kichwa, akageuka, akaondoka kwa haraka ambayo usingeitegemea kwa mtu wa umri ule.

Dorkasi alifungua daftari la kwanza palepale. Hakuwahi kuona mkono wa namna ile. Mwanamume mmoja amekaa ndani ya kibanda, mbavu zinahesabika, macho yametumbukia ndani, na kila mkunjo wa ngozi yake umechorwa kwa uvumilivu wa ajabu. Anautazama mlango. Kisanduku baada ya kisanduku, mlango umefungwa. Ndani ya kiduara juu ya kichwa chake kuna maneno mawili: *Leo watakuja.*

Wino haukuwa mweusi wala wa buluu. Ulikuwa rangi ya chai iliyochacha. Kurasa zilikuwa na mafuta mafuta, tena zimegandana kwa kitu kama gundi iliyokauka, magamba magamba. Dorkasi alilamba kidole, akapenyeza, akabandua. Akalamba tena. Alihisi chumvi.

Jumatatu alimaliza la kwanza, Jumanne la pili. Mtu wa kibandani alizidi kusubiri, na Dorkasi alizidi kutaka kujua kama wangekuja. Chumvi iligeuka ladha nyingine, nzito, kama mafuta ya kondoo yaliyopoa. Haikumchukiza. Makande aliyojipikia mwenyewe ndiyo yaliyomshinda. Alitafuna punje, zikawa kama majivu, akazitema kiganjani.

"Umekula nini leo?" Tumainieli aliuliza Jumatano, wakiwa wameketi mezani.

"Sijala kitu."

"Kinywa chako kinanuka nyama."

Dorkasi alipitisha ulimi kwenye meno. Kulikuwa na kitu. Akaingiza vidole viwili, akakishika, akavuta. Ulikuwa unywele, mweupe, mgumu. Akadhani umekwisha, kumbe bado. Aliendelea kuvuta, akiusikia ukimkwaruza kooni, mpaka ukatoka wote na kujikunja juu ya meza, umelowa, na mrefu kama mkono wa mtoto. Nywele za Dorkasi zilikuwa nyeusi, za Tumainieli zimenyolewa.

Walitazamana.

Dorkasi alikwenda dirishani kwenye mwanga na daftari la kwanza. Alitaka kuiona tena ile sura ya mwanzo, mbavu zile. Akafungua. Kibanda kilikuwa kilekile. Mlango uleule. *Leo watakuja.* Lakini mwanamume alikuwa na mashavu. Tumbo lilianza kujaa. Kidevuni kulikuwa na tone lililochorwa vizuri sana, tone la mafuta.

Dorkasi akajiambia amechanganya madaftari. Akainamia karibu zaidi, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alipoyaangalia yale magamba badala ya kuangalia picha. Yalikuwa na vitundu vidogo vidogo. Moja lilikuwa na kinyweleo. Katika pembe ya ukurasa, mahali alipokuwa akibandua kwa kidole chake, kilibaki kipande kigumu, cha njano, kilichopinda.

Ukucha.

Alitapika palepale dirishani. Siku tatu hakuwa amekula, lakini vilitoka vitu. Vilikuwa vyeupe, vyembamba, laini kama utandu wa maziwa. Alifumba macho asivione. Bado alivihisi kwenye fizi.

Alhamisi wakatoka alfajiri, mke na mume, wakafika Mhezi jua limekaza. Zipora alikuwa uani anapukuchua maharage. Alipowaona hakushtuka.

"Kaka yako alikufa kwa nini?" Tumainieli aliuliza, kasahau hata salamu.

Bibi akatazama huku na huku. Akanong'ona.

"Ngozi ilikuwa inambambuka. Tuliogopa. Tukamjengea kibanda chini ya shamba, tunampelekea chakula kwenye jani, tunakiacha njiani. Baadaye tukaiogopa hata njia yenyewe."

"Mkafanyaje?"

"Tukaacha."

"Kwa siku ngapi?"

"Alikuwa na madaftari manne, mwanangu. Aliyajaza yote."

Dorkasi akamsogelea. "Mbona ukaniletea mimi? Nilikukosea nini?"

Zipora alishusha upindo wa kanga na kufungua kinywa. Ulimi ulikuwa umelika. Kilichobaki kilikuwa kigutu, na juu yake imepita michirizi ya rangi ya chai iliyochacha.

"Kila nilipokaa kula baada ya kifo chake, aliniomba. Sijui kusoma, lakini picha naziona. Nilifungua madaftari mawili kwa kidole cha mate, nikadhani atatosheka." Akajifunika tena. Machozi yalimtoka. "Tangu nikuletee wewe, nakula peke yangu. Nisamehe."

Walirudi Suji, na Dorkasi alitembea akiwa ameuma ncha ya kanga yake ili ulimi wake ugusane na nguo tu, usiguse kitu kingine.

Ijumaa mchana Tumainieli aliwasha moto mkali karakanani, kwenye jiko alilochemshia gundi. Aliyashika madaftari kwa koleo. La kwanza likaungua. La pili. La tatu. Harufu iliyotoka haikuwa ya karatasi. Mafuta yalikuwa yanachuruzika, yanatiririka pembeni mwa jiko, yanapasuka vipovu.

"Ngoja," Dorkasi alisema. "Hilo la nne. Ukurasa wa mwisho tu."

"Una wazimu?"

"Nijue kama walikuja. Nijue tu."

Tumainieli alimgeukia. Mkewe alikuwa amesimama wima, macho kwenye daftari, na kidole chake cha shahada kilikuwa tayari kinywani. Mwenyewe hakujua kama kimefika huko.

Akalitupa motoni. Daftari liliangukia mgongo, moto ukalifunua kurasa zake moja moja mpaka ya mwisho. Tumainieli aliiona. Alirudi nyuma hatua mbili, akagonga meza, misumari ikamwagika.

"Umeona nini?" Dorkasi aliuliza.

"Hakuna kitu."

Hakuwahi kumwambia, wala hakumwambia mtu mwingine yeyote maisha yake yote.

Moshi ulitanda uani. Ng'ambo ya ua akasikika jirani yao, Mama Honorata, sauti imejaa furaha. "Jamani mwalimu, mmechinja? Inanukia hiyo! Nileteeni hata supu!"

Dorkasi alitaka kutapika tena. Hakutapika. Mate yalikuwa yamemjaa kinywani. Yalimtoka, yakateremka kidevuni, yakadondoka kifuani, naye alisimama pale akiyameza, akiyameza, akilia kwa kujichukia.

Ilimchukua mwezi mzima kula makande bila kuziba pua. Kuchora hakuacha. Ila kuanzia hapo watu wote wa hadithi zake, na hata yule beberu, hawakuwa na vinywa. Zebedayo alipomuuliza watasemaje, alimwambia hawana haja ya kusema.

Chini ya lile jiko, asubuhi ya Jumamosi, walikuta doa la mafuta kwenye sakafu ya udongo. Tumainieli alilikwangua. Likarudi. Akachimba mpaka kiwiko kikazama, akajaza udongo mpya mwekundu, akashindilia. Siku ya nne mafuta yalikuwa juu, yanang'aa. Mwishowe aliifunga karakana na kujenga nyingine ng'ambo ya kijito.

Ile ya zamani iliachwa ianguke yenyewe. Watu hawakuikaribia. Mbwa ndio walioipenda. Walipenya chini ya mlango mmoja mmoja, mchana kweupe, wakakaa humo kitambo, wakatoka wakijilamba. Walinenepa mbwa wale, manyoya yaking'aa, katika miaka ambayo watu wenyewe walikuwa hawashibi. Wala hakuna hata mmoja wao aliyekula tena chakula alichowekewa nyumbani.