Taa ya Mzee Simai

Darajani, mjini Unguja, ilifurika watu wa kununua nguo za sikukuu, mwaka ule wa 1956, Muhiddin alipolikanyaga buibui la mwanamke asiyemjua. Likamvuka kichwani, likaonekana gauni la hariri ya kijani.

"Kaka, huna macho?"

"Nlikuwa nayo. Yameshanipotea sasa hivi."

Mwanakheir akacheka, ingawa hakutaka. Alikuwa Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, akishona kofia kwa shangazi yake, Bi Mashavu. Muhiddin, mtu wa Kikwajuni, alikuwa akiandika michezo ya redio. Tangu siku ile akawa anampigia simu dukani kwa jirani yao.

"Sema kitu, roho yangu. Nnapenda lafudhi yako."

"Lafudhi tu?"

"Na mwenyewe."

Siku moja Mwanakheir alimhadithia habari za baba yake. Mzee Simai alipolazwa hospitali ya mjini mara ya kwanza, aliipuliza taa ya umeme ili aizime. Wakacheka pamoja.

Wiki mbili baadaye, redio ilitoa mchezo alioandika Muhiddin, wa Mtumbatu mjinga anayepuliza taa. Aliyeigiza alikuwa mtu wa mjini, akiipinda lugha ya watu mpaka ikawa kama ya mlevi. Mzee Simai alikuwa wodini tena, amefungwa bandeji machoni. Wagonjwa walicheka mpaka wakakohoa.

"Mwanangu," alimwambia Mwanakheir alipokuja na uji, "habari ile nlikuhadithia wewe peke yako."

Safari hii Mwanakheir ndiye aliyepiga simu.

"Baba ameusikia."

"Sikumtaja jina, mpenzi."

"Hukumtaja yeye. Umetutaja Watumbatu sote."

Akakata.

Muhiddin alikwenda kwa mkubwa wake wa redioni, Bwana Masoud, akaomba Mtumbatu asemewe na Mtumbatu.

"Watu wanataka kucheka," alisema Masoud.

"Basi mimi siandiki tena."

Masoud akampa robo saa ya kipindi, kwa hasira. Muhiddin akenda hospitali na karatasi zake.

"Shikamoo, mzee. Mimi Muhiddin, wa redio."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeniandika?"

"Naam. Nimekuja kukuomba radhi."

"Karatasi nnazisikia, zitie mfukoni. Ntasema mwenyewe."

Mzee Simai alisema redioni kwa Kitumbatu. Alieleza alivyosomesha watoto Kurani kwa miaka thelathini, na alivyoendelea kuwasikiliza na kuwasahihisha macho yalipoanza kufifia. Wodini hakuna aliyecheka. Lakini barua zilikuja, wasikilizaji wengine wakilalamika kwamba hawakufahamu hata neno. Masoud akasema kipindi kama kile hakitarudiwa, na Muhiddin akaacha kazi.

Mwanakheir alirudi Tumbatu kumuuguza baba yake. Miezi mitatu Muhiddin hakupata hata salamu. Mwisho akavuka bahari na mama yake, Bi Mwanapili, kupeleka posa.

Waliketi ukumbini. Mwanakheir alikuwa nyuma ya pazia, na baba yake akamuuliza kama anaridhia. Kimya kikawa kirefu. Bi Mwanapili akatabasamu.

"Kanyamaza. Karidhia."

"Kimya changu msikisemee!" Sauti ilitoka, pazia likitikisika. "Nnamtaka. Lakini bado sijamsamehe. Mwambieni yote mawili."

Mzee Simai aligeuza uso upande aliokaa Muhiddin.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Yote mawili."

"Basi leteni kahawa."