Sauti ya Papa Djafari

Kila akitoka shuleni, Myriam huosha vyombo, kisha humwomba mama yake simu asome kazi ambayo Madame Florentine ametuma kwenye kundi la mwaka wa sita. Alhamisi ile hakusoma kazi. Alikuwa na hasira. Katika mtihani wa hesabu, Sifa, anayekaa naye benchi moja, alifunika karatasi yake kwa mkono, na Myriam akapata mbili kwa kumi.

"Anajidai sana," alisema rafiki yake Arlette. "Tumufanyie kitu."

Baba yake Sifa, Papa Djafari, alikuwa akipeleka mafuta ya mawese Kigoma kwa boti. Mwaka jana boti ilizama. Watu saba waliokolewa. Yeye hakuonekana, na matanga yalifanywa bila kaburi. Lakini sauti alizokuwa akiwatumia majirani kuwaambia siku ya kufika zilikuwa bado katika simu ya Mama Julienne, mama yake Myriam. Arlette naye alikuwa na programu ya akili bandia: unaipa sauti ya mtu, unaandika maneno, nayo inayasema kwa sauti ile ile.

Myriam akaandika. Programu ikasema: "Sifa, mwanangu, niko muzima. Niko Kigoma. Jumamosi nafika. Mwambie mama."

Wakaituma kwa Sifa, kwenye simu ya mama yake, kutoka namba mpya ya Arlette, ambayo Sifa haijui. Arlette alicheka mpaka akashika tumbo.

Kesho yake Sifa aliingia darasani anang'aa. "Papa yangu iko muzima!" Akammiminia Myriam karanga zake zote mkononi. Myriam akala zote.

Jumamosi Mama Julienne alisema, "Twende bandarini. Leo njo siku Mama Adija anamupokea mume wake."

Mama Adija, mama yake Sifa, alikuwa amekaa pale na binti yake tangu alfajiri, chungu cha wali na samaki kimefungwa kitambaa, shati la mume wake lililopigwa pasi likiwa mapajani. Boti ya Kigoma ilifika. Watu walishuka mpaka wa mwisho. Mama Adija akamtajia nahodha jina la mume wake.

"Mama, huyo muntu hayumo," alisema nahodha.

"Angalia tena, Papa."

Nahodha akaangalia tena. Myriam akasogea mbele.

"Mama Adija," alisema, "hakuna muntu anakuja. Ni mimi niliyemufanyia Sifa mchezo."

Sifa alimtazama. "Jana uliniona nikifurahi. Ukakula karanga zangu."

"Si mimi niliyesema! Simu njo ilisema!"

Mama Adija hakupiga kelele. Alilikunja shati. "Nina sauti zake tatu," alisema polepole. "Kila siku nazisikiliza. Sasa nitajuaje kama njo yeye?"

Mama Julienne akatoa simu yake, akachuchumaa mbele yake. "Mama Adija, angalia tarehe. Zako zote ni za kabla ya boti kuzama. Hii ya uongo ni ya juzi. Na mimi ninazo kumi na moja, alizotutumia mwenyewe. Zote nitakutumia."

Akabonyeza moja. "Majirani, kesho tunafika," ilisema sauti. "Wenye ndoo mulete ndoo, musinisumbue na chupa!" Mama Adija alifumba macho. Akacheka kidogo, kisha akalia sana.

Mama Julienne akamgeukia binti yake, akampa simu. "Useme kwenye kundi la darasa ulichofanya. Kwa sauti yako mwenyewe."

Myriam alisema yote, akatuma. Sifa hakumsogelea. Lakini Mama Adija alipofungua chungu, alimpakulia Myriam pia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mama Julienne alimshika mkono. "Sikia, mwanangu. Simu haikujua kama kuna mama atapika wali na kupiga shati pasi. Wewe ulijua. Mashine haina haya, haina jirani, haiwezi kuomba musamaha. Kwa hiyo kila inachosema kwa amri yako, ni wewe umesema. Kabla ya kutuma neno, ujiulize nani ataenda kulingojea bandarini."