Msumari Juu ya Ghorofa la Sita

Je, umewahi kuona mtu akiziba mifereji ya paa kwa makusudi, kisha akalijaza maji mpaka yafike kifundo cha mguu? Mimi nimeona, tena aliyeamuru ni mjukuu wangu, msichana niliyemlea kwa mikono hii, ambaye siku hizi huchora bustani za juu ya maghorofa.

"Bibi, maji yanakaa siku mbili," alinieleza. "Dari ya chini ikibaki kavu, ndipo tunapandisha udongo. Mimea ikishashika, tundu hulitafuti tena."

Fundi wa lami, anayeitandika na kuiunga ili paa lisivuje, alikuwa akinitafutia kivuli cha kuweka kiti. Ni kijana wa maneno machache, wenzake walimwita Mpole, na alikuwa amefanya kazi na mjukuu wangu miaka miwili.

"Huyu atasema lini?" nilimnong'oneza binti.

"Aseme nini?"

"Mke mwenzangu, mimi ni mzee, si kipofu."

Akacheka, akajitia kupima kamba aliyoitandaza kuonyesha vitalu vitakapokaa.

Siku ya pili dari ya chumba cha juu ikatoa doa la unyevu, pana kama sahani. Binti akashuka kulikagua. Mpole akazibua mifereji, maji yakatoka, akapiga magoti, akawa anapapasa lami kwa kiganja kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Penye kona ya kamba ya vitalu akang'oa kitu, akakitia mfukoni.

Hapo mwenye jengo akafika, mama mmoja asiyevua miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Nani kanitobolea jengo?"

"Mimi, mama. Niliunga vibaya."

"Basi kusanya vyako. Na lile paa la pili nililokuahidi, sahau."

Akakusanya, akashuka. Nililoliona nikaliacha, maana neno lile lilikuwa la mwenyewe kulisema.

Tulipofika nyumbani ujumbe wa Mpole ukaingia kwenye simu ya binti. Akanisomea:

"Nimeondoka kazini. Kosa ni langu, niliunga vibaya. Bustani yako itaendelea, usiwe na wasiwasi."

"Huyu haungi vibaya, bibi. Ungio moja hulirudia mara tatu."

"Ile kamba ya vitalu uliishikiza kwa kitu gani?"

"Kwa mawe. Ila kona moja jiwe lilikuwa linateleza, nikapigilia..." Akashika mdomo. "Nikapigilia msumari. Nilisema nitautoa."

"Kautoa mwenzio. Nimemwona."

Akaketi sakafuni, akampigia, akaweka sauti nami nisikie.

"Msumari wangu unao?"

"Ninao."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi mapaa nitapata. Wewe jina lako ndiyo kwanza linaanza kusikika."

"Nani kakutuma ubebe kosa langu?"

"Hakuna."

"Kesho saa mbili asubuhi uwe pale."

Saa mbili tulikuwa juu sote. Binti akasimama mbele ya yule mama, daftari la michoro kifuani.

"Mama, paa nimelitoboa mimi. Msumari nilipigilia mwenyewe. Fundi alinifichia."

"Unajua nikikuondoa mchoro unabaki kwangu?"

"Ubaki. Lakini yeye mrudishe."

Jamani, nimeshuhudia mtoto huyu akitembea, akisoma, akipewa cheti mbele za watu. Siku hiyo ndipo nilipojua nimelea mtu. Nilikaa wima kwenye kiti changu, na ungenipita ungedhani jengo lote ni langu.

Mwenye jengo akavua miwani.

"Mafundi wengi wamenipitia. Paa likivuja, wote huniambia dari inatoa jasho tu; ninyi mnagombania kosa." Akawatazama mmoja mmoja. "Zibeni tundu, jazeni maji upya. Pakibaki pakavu, endeleeni wote wawili. Wageni wangu wa kuzindua bustani watangoja."

Siku mbili zikapita, dari kavu kabisa. Udongo mwepesi ukapandishwa mfuko kwa mfuko, miche ikafuata. Jioni walibaki wao wawili kwenye kitalu cha mwisho, nami kwenye kiti nimefumba macho.

"Ulipojitwisha lile kosa, ulitaka nini?" binti akauliza.

"Ubaki na kazi yako."

"Hicho ulinitakia mimi. Wewe je?"

Akajifuta udongo kidole kimoja kimoja.

"Nataka kukuoa," akasema. "Na nataka nimwombe bibi yako sasa hivi, maana najua hajalala."