Jalada Lisilo na Kitabu

Marehemu alilala chali kwenye sakafu ya duka la Loretta Pruszynski, upande wa magharibi wa jiji la Cleveland, tumbo wazi, na ndani ya tumbo hamkuwa na kitu.

Inspekta Odell Tarver alivua kofia. Ndivyo alivyofanya mbele ya kila maiti kwa miaka mingi, mpaka goti bovu lilipomhamisha kutoka kitengo cha mauaji kwenda kitengo cha wizi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba huku kofia haivuliwi. Akachuchumaa kwa taabu.

Mbele yake palikuwa na jarida la katuni. Jalada lake lilikuwa la kupendeza mno: Mlinzi wa Ziwa, yule shujaa wa kike mwenye joho la kijani, amesimama juu ya barafu inayopasuka, ameinua kiganja kuizuia dhoruba. Ndani ya jalada, mahali pa hadithi, mlikuwa na karatasi nyeupe tupu.

Aliyeigundua maiti ni mnunuzi wake, Grant Hollis, mkusanyaji wa majarida ambaye alikuwa mteja wa duka hilo tangu alipokuwa na nywele. Alieleza kwamba alikwisha kulipa, akateleza kwenye theluji iliyoyeyukia mlangoni, mfuko wa plastiki ukapasuka, na mambo yakamwagika. Sasa alitaka Loretta ashtakiwe kwa utapeli.

"Na usingeteleza?" Tarver aliuliza.

"Ningeenda nayo nyumbani."

"Ukaisome."

Hollis alimtazama kama mtu aliyeshauriwa kulamba picha ya harusi yake. "Hii haifunguliwi, afande. Ukiifungua, thamani imekwenda."

"Basi umeibiwa nini, kama hukuwa na nia ya kukiona?"

Hollis alikung'uta theluji kwenye koti lake. Kisha akasema mwanasheria wake atawasilisha mashtaka Ijumaa.

Loretta, mwanamke mpana mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aligeuka rangi. Duka lenye kesi ya utapeli halipelekewi mzigo, na duka la katuni lisilo na mzigo ni chumba chenye rafu tu. Alimweleza Tarver jinsi biashara inavyokwenda. Kila mwezi hadithi ni moja, lakini majalada ni mengi. Lile adimu, kama hili la Hollis, haliuzwi kwa maduka; ni zawadi. Agiza nakala mia zenye jalada la kawaida, utapewa moja yenye jalada adimu.

"Na hizo mia?"

Alielekeza kidevu nyuma ya duka. Maboksi yalipanda hadi darini.

"Wanaosoma Mlinzi wa Ziwa hapa hawafiki kumi," alisema. "Lakini kwa mchapishaji, nilichoagiza ndicho kilichouzwa. Huko New York wanaamini mji huu mzima haulali kwa ajili ya huyu binti."

Tarver aliomba afunguliwe majarida mengine adimu yaliyokuwa kabatini. Loretta alisita kama aliyeombwa kumvua nguo mama yake mzazi. La kwanza: karatasi tupu. La pili: tupu. Kila Mlinzi wa Ziwa mwenye jalada adimu alikuwa amechinjwa, pini zake zikafunguliwa na kufungwa tena kwa mkono mwepesi ajabu. Mashujaa wengine walikuwa salama.

"Nani huyagusa kabla hayajafungwa kwenye plastiki?"

"Mimi na Wendell."

Wendell Sobczak alikaa mtaa wa pili. Ndiye mchoraji wa hadithi yenyewe, kurasa zote za ndani, mwezi baada ya mwezi. Jalada adimu lilichorwa na mtu mwingine, mwenye jina kubwa, huko California. Kila Jumatano asubuhi, siku ya majarida mapya, Wendell alikuja na sahani ya pierogi, madonge ya unga ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, akamsaidia Loretta kuyafunga.

"Usimfikirie huyo," Loretta alisema. "Kurasa ni zake. Mtu anajiibiaje?"

Swali lilikuwa zuri; Tarver alizipeleka karatasi tupu maabara. Maabara hawakukuta alama za vidole. Walichokuta, chini ya taa maalumu, ni mstari hafifu wa penseli ya buluu kwenye ukingo wa karatasi moja tupu. Penseli ya wachoraji, walisema. Mashine ya kuchapa haiuoni mstari wake. Mkono ulijulikana. Sababu haikujulikana. Mwizi gani huiba kitu kilichopangwa mpaka darini, na kuacha kinachouzwa ghali?

Tarver alipokwama kwenye kesi, alifua nguo. Ng'ambo ya duka palikuwa na mahali pa kufulia kwa mashine za sarafu. Akatia mashati yake, akakaa.

Kwenye benchi wanawake wawili, Bi Earline na Bi Dot, walikuwa wanabishana juu ya mama mmoja mgonjwa aliyemsahau binti yake wa kuzaa. Bi Dot alisema ni uzee. Bi Earline alisema si uzee. Yule binti aliadimika mno, kila siku kuokoa watu baki, nyumbani haonekani. Tarver alidhani wanamsengenya jirani, mpaka alipoona Bi Earline amelaza kidole kwenye ukurasa. Zilikuwa kurasa za katuni zisizo na jalada, pembe zimejikunja, moja ina doa la sabuni. Chini ya benchi kulikuwa na lundo lake.

"Mama, hizi mmezitoa wapi?"

"Zinakuja zenyewe kila mwezi," alisema Bi Earline. "Ukitaka kusoma, nawa mikono. Na usituambie mwisho."

Tarver alinawa. Alisoma mpaka mashine yake ikanyamaza, na hakuinuka. Alisoma tangu mama wa Mlinzi wa Ziwa alipopotea njia ya sokoni hadi alipomfungia binti yake mlango akimwita mwizi. Na humo, katika toleo lilelile la barafu, nyuma ya shujaa anayepita angani, aliona dirisha dogo lisilozidi stempu. Ndani ya dirisha, mwanamume mwembamba mwenye kidole cha buluu alikuwa anachomoa kurasa za jarida na kutia karatasi tupu.

Mtu alikuwa amekiri kosa lake, akalichapisha, likasambazwa nchi nzima. Hakuna aliyepiga simu.

Alhamisi, Wendell aliitwa dukani. Walikaa kati ya maboksi; Loretta alisimama mlangoni. Tarver aliweka ukurasa mezani, akagusa dirisha.

Wendell aliusogeza karibu na macho. "Umesoma toleo zima," alisema, "au umeonyeshwa hapa tu?"

"Zima. Na yaliyotangulia."

Mchoraji akavuta pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi uliza."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana nilirudia kurasa mbili katika toleo moja. Zilezile, mara mbili. Nilikosea, nikalala siku nzima kwa aibu. Hakuna aliyeandika hata neno. Mauzo yalipanda. Jalada lilikuwa na theluji inayong'aa." Alitabasamu bila furaha. "Nikasema, wanaotaka jalada nitawapa jalada. Hadithi nitawapelekea watu wanaosubiri nguo zikauke."

"Ungemwambia Loretta asiagize mia."

"Akiagiza tisa, hadithi inafungwa. Hizo mia zisizosomwa ndizo zinazonilisha, Inspekta. Zinanilisha na zinaniua."

"Na hukufikiri kosa litamwangukia yeye?"

Wendell aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na hakika hakuna atakayefungua. Hakika kabisa. Ndiyo maana nilifanya, na ndicho kilichoniuma."

Loretta alitoka mlangoni. Alivaa miwani, akachukua nakala ya kawaida kutoka boksi la juu, akaketi juu ya boksi jingine, akaifungua. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuisoma.

"Jumatano utakuja," alisema hatimaye, macho yakiwa kwenye ukurasa. "Kama watakuachia. Sijakusamehe. Lakini utakuja."

Nje, Tarver hakumfunga Wendell pingu. Alimfungulia mlango wa gari, na hapo Bi Earline akatoka pale pa kufulia, ndara miguuni kwenye theluji, kurasa kifuani.

"Wewe wa polisi," alisema. "Uliondoka nazo mbili. Rudisha. Halafu niambie, maana Dot ananisumbua: yule mama atamkumbuka mwanawe?"

Tarver alimtazama Wendell. Wendell alikuwa anatazama doa la sabuni, pembe zilizojikunja, na kidole cha yule mwanamke kilichobana pale alipofika.

"Atamkumbuka," alisema taratibu. "Si kwa uso. Kwa jinsi anavyobisha hodi."

Bi Earline alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Bi Dot aliyechungulia kwenye kioo. "Nilikwambia si uzee."

Tarver, ambaye kofia yake ilikuwa mkononi tangu alipoivua kati ya maboksi, akaivaa: hapa hapakuwa na maiti.