Ukurasa wa Nane

Mdogo wangu Fabian alikuwa anaishi kwa mdomo wake. Pale Tumbi, Kibaha, alikuwa na chumba kidogo, ukutani kabandika trei za mayai ili kelele za nje zisiingie, na humo ndimo alimotafsiria muvi. Unazijua zile. Mzungu anasema maneno matatu, Fabian anaongeza kumi ya kwake, na kibanda umiza kizima cha kuonyeshea muvi kinacheka. Wahusika wote aliwapa majina ya huku kwetu. Mimi ni mwalimu, nilimsema sana kwa uongo ule, lakini nami nilikuwa nacheka.

Mwezi wa sita aliletewa tamthilia ya watu wanaosafiri angani miaka mia, wamelazwa usingizi ndani ya chombo. Katika kila sehemu mama mmoja aliyebaki macho alimsomea mwanawe kitabu cha picha. Kitabu kilikuwa na kurasa nane, na kila sehemu alifungua ukurasa mmoja tu. Kwenye picha kuna mtoto wa kike anayeiendea nyumba iliyofungwa. Hana jina. Kila ukurasa anaukaribia mlango zaidi.

Fabian akampa jina. "Huyu hapa Efrazia wa Tumbi," alisema kwenye maiki, "anakwenda kwa babu yake Kibuta!" Efrazia alikuwa binti yake wa pekee, miaka sita, aliyeachiwa na marehemu mkewe. Nayo nyumba ya baba yetu kule Kibuta, Kisarawe, ilikuwa na kufuli tangu tulipomzika. Tulicheka wote, na mtoto mwenyewe akapiga makofi.

Siku sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa, Efrazia aliacha chakula, akasimama uani akiwa ameelekea upande wa Kisarawe. Ya pili, tulimkuta getini. Ya tatu, barabarani, peku, jua la saa saba likiwaka. Ukimwita hageuki. Ukimrudisha ndani analia kwamba anachelewa.

Katika sehemu ya saba mtoto wa kitabuni alifika, akainua mkono agonge. Saa kumi jioni hiyo hiyo Efrazia naye aliinua mkono wa kulia, na haukushuka tena. Hospitali walipima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Siku tatu mkono uko juu, vidole vinabadilika rangi.

"Shangazi," alininong'oneza, "mlango wa babu ni wa baridi."

Nilichukua bodaboda hadi Kibuta, mchana kweupe. Kufuli lilikuwa na kutu, halijaguswa. Kwenye vumbi la mlango palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo.

Nilirudi nikamkunja Fabian shati. "Ukurasa wa nane kuna nini?"

"Mlango unafunguliwa, dada. Anaingia."

"Halafu?"

"Basi. Kitabu kinaisha."

"Usiitafsiri!"

"Haisaidii. Nimeshamtaja mara saba. Wakiionyesha hata bila mimi, watu wataona ni Efrazia."

Nilimpigia kelele. Kwa maneno yale sijajisamehe mpaka leo. "Ulimweka mwenyewe, basi mtoe mwenyewe!"

Aliniangalia kidogo. Akaingia chumbani, akafunga kwa komeo. Nilikaa nje ya mlango, mtoto mapajani. Nikaisikia sauti yake, haina utani hata chembe.

"Huyu siyo Efrazia. Tulikosea. Huyu ni Fabian. Fabian anagonga. Anafunguliwa. Fabian anaingia."

Mkono wa mtoto ukashuka. Ukanishika shingo. Akasema ana njaa.

Nililia kwa furaha, nikagonga nimwambie. Nikagonga tena. Nikaita majirani, tukavunja mlango. Chumba kile hakina dirisha. Kompyuta ilikuwa inawaka, hedifoni bado zina joto. Ndala zake zilikuwa sakafuni, zimeelekea ukutani.

Kesho yake nilivunja kufuli la Kibuta. Ndani hapakuwa na mtu, wala unyayo kwenye vumbi la sakafu. Nikautazama mlango upande wa ndani. Palikuwa na alama ya kiganja cha mtu mzima, kidole cha shahada kifupi. Fabian alikatwa kidole hicho na msumeno akiwa darasa la sita.

Kabla sijapata akili ya kuifuta ile sehemu ya nane, mwenye kibanda alikuwa ameshaibeba kwenye flashi. Sasa iko Kibaha yote, iko Msimbu, imefika Dar. Nazunguka kibanda hadi kibanda nikiwapigia magoti waifute. Wananiambia, "Pole sana, mwalimu, lakini hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Watu wanaipenda." Wanaiweka tena, na Fabian anaingia tena.

Jana nilirudi Kibuta. Nilihesabu viganja arobaini na kimoja, vyote upande wa ndani, vyote na kidole kimoja kifupi. Vya kwanza viko usawa wa kichwa changu. Cha mwisho kilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, kama cha mtu asiyeweza tena kusimama, na nilipokigusa kilikuwa na jasho.